Mwiko Ambao Haukuwa Wetu

Kinu kinachotwanga majani ya muhogo peke yake hulia tofauti na kinu chenye majani na karanga. Majani matupu hulia kavu, na mchi hurudi juu upesi. Karanga zikiingia, mlio unakuwa mzito, mchi unanata kidogo kabla ya kuinuka, na harufu ya mafuta inatoka mpaka barabarani. Hapa Kindu, ambapo sombe, yaani majani hayo yaliyotwangwa, ndiyo mboga yetu ya kila siku, mtoto yeyote anajua kutofautisha milio hiyo hata akiwa kitandani, kwa sababu inamwambia kama leo atakula vizuri au atakula tu. Mimi nilipokuwa na miaka kumi na moja nilikuwa naisikiliza kwa sababu nyingine. Nilitaka kujua ni nyumba ipi nimkataze mdogo wangu Zaina kuingia.

Zaina alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na mgomvi kupita umbo lake. Aliweza kubishana na mtu mzima juu ya jambo asilolijua hata kidogo, na akashinda kwa kumchosha. Alipokuwa na miaka sita jirani mmoja alimpa kiganja cha karanga za kukaanga. Hata hajazimaliza, midomo ilianza kuvimba, macho yakafumba, ngozi ikatoka mabaka, na kifua kikawa kinapiga mluzi. Mama alimbeba mbio hadi zahanati iliyokuwa nyuma ya shule yetu, nami nikakimbia nyuma yake nimeshika kiatu kimoja cha mtoto. Pale palikuwa na muuguzi aliyeitwa Feruzi. Sisi tulimwita munganga, kama tunavyowaita wote wanaotibu kwa sindano. Alimchoma dawa pajani, na baada ya muda si mrefu kifua kikatulia na Zaina akaanza kulalamika kwamba sindano inauma na kwamba munganga ana mikono mibaya. Hapo nikajua amepona.

Munganga Feruzi alimkalisha mama kwenye benchi, akamweleza taratibu kwa Kiswahili chetu, kisemacho "njo" badala ya "ndiyo".

"Mama, hii si uchawi, na haiambukize muntu. Mwili yake njo inakataa karanga. Siku ingine inaweza kumuua mbele haujafika hapa. Mwambie mwalimu wake akuje, nimuonyeshe namna ya kuchoma. Nitamuachia ampule moja, ikae ku shule."

Leo najua kwamba hali ile inaitwa mzio, na kwamba dawa ile ni adrenalini. Wakati ule tulijua karanga na sindano tu. Mji ulikuwa umefungwa na vita. Treni ilikuwa imesimama, na baba yetu, aliyekuwa fundi wa reli, alikuwa ameondoka nayo kwenda kusini kabla njia haijakatika, wala hatukuwa na habari zake. Aliyevuka nyumba za mwisho kwenda shambani hakuwa na hakika ya kurudi, kwa hiyo wengi waliacha mashamba yakamezwa na nyasi. Chumvi ilikuwa adimu, ya kulamba tu. Katika hali hiyo mtu kukutengea kichupa kimoja cha dawa ya sindano lilikuwa jambo kubwa kuliko nilivyoweza kuelewa. Niliona kwa macho yangu Munganga Feruzi akikikunja ndani ya kitambaa cheusi kisipigwe na mwanga, akakiweka kando ya mtungi wa maji palipokuwa na ubaridi, akasema hicho ni cha Zaina.

Mama alikuwa anashinda nje kutwa akitafuta majani na kuni, kwa hiyo kazi ya kumwambia mwalimu nilipewa mimi. Niseme ukweli, nilikuwa mtoto wa kujiona. Nilikuwa kiongozi wa darasa langu, naandika majina ya wapiga kelele ubaoni kwa mwandiko mzuri, na walimu walinituma mimi wakiwaacha wakubwa zangu. Nilipofika mbele ya Mwalimu Salumu, mwalimu wa Zaina, nilikuta wanafunzi wamemzunguka. Nikakumbuka msichana mmoja wa darasa letu aliyetoka upele usiojulikana. Alikalishwa nyuma peke yake, wenzake wakaacha hata kugusa daftari lake, na baada ya wiki chache hakuonekana tena shuleni. Miaka ile watu walikuwa wanauogopa ugonjwa wasioufahamu kuliko njaa. Nikaona Zaina akikalishwa nyuma vile, na nikajiona mimi, dada yake, nikinyooshewa vidole.

Nikasema, "Mwalimu, Zaina asipewe karanga. Njo mwiko ya kwetu, upande ya baba."

Mwalimu Salumu akaitikia kwa kichwa na jambo likaisha. Kwetu kila ukoo una kitu chake usichokula. Wapo wasiogusa kambare, wapo wasiogusa mbuzi, na mwenyeji anayejua adabu hukupikia kingine bila kununa wala kuuliza kwa nini. Hakuna anayemcheka mtu mwenye mwiko. Mama aliporudi akaniuliza kama nimemwambia mwalimu, nikamjibu nimemwambia. Nililala nikiwa nimeridhika na akili zangu.

Lililo gumu kulisimulia ni kwamba uongo ule ulifanya kazi vizuri. Kwa karibu mwaka mzima watoto wenyewe walimlinda Zaina. Mtu akija na karanga, walimwambia aende mbali, huyu ana mwiko. Sina hakika kama wangemlinda hivyo kwa ajili ya ugonjwa. Nilianza hata kusahau kwamba kuna kichupa zahanati kinachomngoja mwalimu.

Kisha njia ya kwenda mji wa Kibombo ikafunguka kidogo, na siku moja wanawake wakaingia mjini na mizigo ya mchele na karanga vichwani. Wazazi wa shule wakakubaliana kuwapikia watoto wote, mara moja tu, wakumbuke chakula kilivyo. Sombe ilitwangwa kwa mmoja wao, mbali na sisi, ikaletwa shuleni ikiwa imeiva. Mimi nilitumwa maji na wenzangu wa darasa. Zaina alipokea sahani yake akala. Miaka yote ya vita sombe ya nyumbani kwetu ilikuwa majani, maji, na chumvi ikipatikana. Mtoto wa miaka saba hakuwa na kumbukumbu ya sombe nyingine, na waliompakulia walikuwa na watoto mia wenye njaa mbele yao. Niliporudi na ndoo nilisikia harufu, nikaitupa ndoo chini.

Zaina alikuwa amekaa chini ameshika shingo. Mwalimu Salumu alikuwa amepiga magoti mbele yake, na watoto wakisema kwa sauti moja kwamba Zaina amekula mwiko. Mwalimu alijua, kama mtu yeyote wa kwetu anavyojua, kwamba mwiko ukivunjwa anayeuondoa ni shangazi wa mtoto, kwa kumpulizia maji kifuani na kuwataja wazee wa ukoo. Akaniuliza shangazi yetu anakaa wapi. Nikamjibu anakaa nyuma ya stesheni. Nilijibu nilichoulizwa. Akambeba Zaina begani akaanza kukimbia kuelekea stesheni, na zahanati tukaiacha nyuma yetu.

Nilimkimbilia nyuma. Nilikuwa naona uso wa Zaina juu ya bega lake, umevimba hata simjui, na mdomo wake unafunguka bila sauti. Nilijua tunakwenda siko. Niliiambia nafsi yangu kwamba huenda shangazi ataweza, kwamba wakubwa wanajua mambo, kwamba nikisema sasa mwalimu atajua nilidanganya. Yote hayo niliyawaza nikikimbia. Hakuna hata moja linalonisaidia leo.

Shangazi Amisa, dada wa baba, alikuwa anaanika nguo. Mwalimu akamweleza huku anahema kwamba mtoto amekula karanga, alete maji upesi. Shangazi akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Karanga? Mwalimu, sisi hatuna mwiko ya karanga. Mwiko yetu njo kima."

Mwalimu Salumu akageuka kunitazama. Hakunigombeza. Nadhani angenigombeza ningeweza kuishi na siku ile vizuri zaidi. Nikasema, na sauti ilitoka ndogo, "Munganga iko na dawa yake." Akaanza kukimbia tena, njia ileile tuliyokuja nayo, akavuka reli, akapita shule ambapo watoto walikuwa bado wamesimama na sahani mkononi, akaingia zahanati akipiga kelele. Munganga Feruzi alikuwa anakunjua kile kitambaa cheusi kabla hata hajaambiwa neno. Alimchoma. Akabonyeza kifua, akapuliza mdomoni, akabonyeza tena. Mwishowe akakaa sakafuni. Zaina alikuwa ameshakufa, nafikiri alikufia begani kwa mwalimu, mahali fulani kati ya reli na shule.

"Nilikuwa nakungojea, mwalimu," Munganga Feruzi akasema. "Tangu mwaka jana nakungojea."

Mwalimu Salumu alikuja msibani akakaa siku zote tatu kwenye mkeka pamoja na wanaume, na sikumsikia akimweleza mtu yeyote nilichomwambia. Nilingoja kuulizwa. Nilipika majibu kadhaa, mengine ya kweli na mengine ya uongo, nikayabeba kila asubuhi kama daftari. Mama hakuniuliza siku ile, wala mwaka ule, wala baba aliporudi vita vilipopoa. Tuliishi nyumba moja, tukala sahani moja, na jina la Zaina lilitajwa wakati wa dua tu.

Leo mimi ni mkuu wa shule ya msingi hapahapa Kindu. Treni inakuja tena inapotaka, na karanga zinauzwa kwenye kila kona hata hakuna anayeziona. Kila mwaka mpya wa masomo nakaa na kila mzazi ana kwa ana, mlango umefungwa, nauliza mtoto wake ana nini. Walimu wangu wananiita mama wa maswali, na najua wakiwa peke yao wananiigiza. Mzazi akiniambia kuna mwiko, naupokea kwa heshima, halafu namuuliza mtoto akila kitu hicho anakuwaje. Wengine wanashangaa. Mwiko hauulizwi hivyo. Lakini mara moja moja mama mmoja anainamisha kichwa na kuanza kueleza juu ya mdomo unaovimba. Dawa yenyewe bado ni shida. Wakati wa vita, mji ukiwa umezingirwa, kichupa cha Zaina kilikuwepo, hatua chache kutoka darasani kwake. Siku hizi barabara iko wazi, na naweza kuzunguka vituo vya afya wiki nzima nikiambiwa haipo, au ipo lakini imepita muda wake. Hilo linanitia hasira, na sitaki kulisema kwa upole.

Mwaka huu nina mtoto wa darasa la tatu ambaye samaki wanamfanya vile karanga zilivyomfanya Zaina. Wazazi wake wamekubali kila mwalimu ajue. Nilipata ampuli mbili baada ya kuhangaika sana, na mchana mmoja nilipita nazo nyumbani, ndani ya mfuko, nile kabla ya kurudi shuleni. Mama, ambaye sasa ni mzee na anaishi nami, alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Akauliza nimebeba nini. Nikamwambia. Mikono yake ikasimama, kisha ikaendelea.

Nilikuwa nimekaa na jambo lile maisha yangu yote, na likatoka hivyo tu, bila kupangwa. "Mama, mimi sikumwambia Mwalimu Salumu aende kwa munganga. Nilimwambia njo mwiko."

"Ninajua," akasema. "Alinikuta ku soko, wiki ileile ulimwambia. Akaniuliza, mama, mutoto alisema karanga njo mwiko yenu, ni kweli? Wamama walikuwa wanasikiliza. Niliogopa watamufukuza ku shule. Nikamwambia ni kweli."

Miaka yote nilidhani ananyamaza kwa kunihurumia au kwa kutonisamehe, na yeye alikuwa ananyamaza kwa aibu yake mwenyewe, akidhani mimi najua kwamba naye alidanganya. Tulilia, yeye na ungo wake, mimi na mfuko wangu, kila mmoja mahali alipokaa.

Kisha akajifuta uso kwa kitenge, akainuka. "Hiyo dawa isilale hapa. Twende." Nilimwambia jua ni kali na miguu yake haimruhusu. Hakunisikiliza. Tulitembea polepole hadi shuleni, na tulipofika walimu walikuwa uani wakingoja kengele ya mchana, na wazazi kadhaa langoni. Mama yangu, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti mbele ya watu, alishika ampuli mkononi akaiinua juu.

"Kuko mutoto hapa," akasema, "akikula samaki anakufa. Si mwiko. Njo ugonjwa. Dawa yake ni hii. Munasikia wote?"

Walimu wakasema wamesikia. Akawatazama mmoja mmoja, kisha akauliza tena.