Nyumba ya Mjerumani Iliyopigwa Msasa

Niliondoka Kitengela kwa sababu Mama Nasieku alinipigia simu mara mbili asubuhi moja. Mwenye shamba mpya kule Mashuuru anakata ploti, na nyumba ya Mjerumani imekaa katikati ya barabara yake ya kwenye ramani. Akamwambia Mama Nasieku, aliyeitunza tangu usichana wake: ni yako, ing'oe kabla ya Jumamosi. Mimi huuza mbao za majumba yaliyobomolewa. Yeye hakutaka kuuza. Alitaka ihamishiwe Kisaju, kwa ploti ya binti yake.

Saa kumi na moja alfajiri, Alhamisi, nilitoka na lori la kenta la kukodi. Njiani, Kisaju, nilishuka nikapima ploti kwa hatua, nikapima tena. Nyumba ingetosha, na choo pia.

Saa nne nilifika Mashuuru. Nusu ya nyumba ilikuwa imesimama, nusu imeshang'olewa, imelala uani.

"Takwenya, Mama," nilimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia. "Umechelewa, lakini shuka."

Alinionyesha iliyosimama. Mjerumani alivuka kutoka upande wa Moshi akajenga kama kwao: msingi wa mawe, fremu ya mti wa mtarakwa, paa lililoinuka la kumwaga theluji, mahali ambapo hata mvua huja kwa kubembelezwa. Hakuna msumari hata mmoja, ni vigingi vya mti. Katikati ya fremu, fito, udongo na mavi ya ng'ombe.

"Hapo Mzungu alishindwa," alisema. "Kwetu nyumba hukandikwa na wanawake. Mama yangu ndiye alikandika, kila mwaka."

Kwenye maungio niliona mikato ya patasi: moja, mbili, tatu, kila mbao na mwenzake. Fundi alizitia nambari ili zikifunguliwa zirudi zilipotoka. Nilimpenda mtu huyo bila kumjua.

Kisha nikageukia zilizolala uani. Zilikuwa zinang'aa. Moses, msimamizi wa shamba, alisimama kando na mashine ya msasa.

"Boss, zilikuwa na mikwaruzo. Watoto wa shule, wale. Nimekusaidia, sasa ziko kama mpya."

"Umepiga ngapi?"

"Kumi na nne. Chai tutaongea."

Nilihesabu. Kumi na nne. Nikahesabu tena nikitumaini hajui hesabu. Anajua. Mtarakwa umekauka na kupinda miaka yote hiyo, kila ungio linakubali mwenzake mmoja tu, na huyu amefuta majina yote kwa mashine ya kukopa. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, kisha nikamwambia azime mashine.

"Si ungesema mapema," akajibu. Alikuwa amekasirika kunishinda.

Ijumaa jioni, Kisaju, tulipanga chini zile kumi na nane zenye alama, tulizofungua kwenye nusu iliyosimama. Nilitaka vyumba vyote vinne. Zilikubali kimoja. Hasira haikuwa imenitoka, na bado. Nilichojifunza ni hiki: mtu akisema amekusaidia, kwanza muulize amegusa nini.

Mama Nasieku alizunguka fremu polepole, akashika mbao ya dirisha.

"Hiki ni chumba alicholala Mjerumani. Mama yangu alikikandika hadi mikono ikapasuka, na hakuwahi kuketi humo."

Nikamwambia pole, hicho ndicho kilichobaki.

"Pole ya nini? Simamisha," alisema. "Kitanda changu kitakaa hapa."