Finjani Tano za Sanamaki

Nyumbani kwetu Mbeya, miaka ile ya hamsini, Ramadhani haikuanza kwa mwezi kuandama. Ilianza wiki moja kabla, kwa foleni ya choo. Bibi yangu, mama yake baba, aliletwa huku na mumewe kutoka Kilwa na hakuwahi kuisamehe baridi ya Mbeya. Aliamini kwamba funga haikai vizuri juu ya tumbo chafu. Basi kila mwisho wa Shaabani aliushusha mkebe wa biskuti kutoka juu ya kabati, akatoa majani makavu ya sanamaki na kuyaloweka usiku kucha kwenye birika kubwa, pamoja na tangawizi na karafuu. Asubuhi mtu alipewa finjani moja, ile ya kahawa. Moja tu. Tulikunywa kwa zamu, wawili leo, wawili kesho, kwa sababu choo kilikuwa kimoja.

Sanamaki naijua kuliko ninavyowajua baadhi ya ndugu zangu. Haina haraka. Unaimeza asubuhi, inakaa kimya saa sita, saba, mpaka unaanza kumdharau aliyekupa. Halafu inakuja na msokoto wa tumbo unaokunja mtu mzima, na ikishakuja haijadiliani. Baadaye midomo hukauka, magoti hulegea, na mkojo hugeuka rangi ukadhani umeumia ndani. Bibi hakumpa mwenye mimba wala mtoto mdogo, na hakuruhusu mtu ainywe siku baada ya siku. Alikuwa na mfano wake, jirani yetu mmoja aliyeinywa kila siku ili apungue mwili, hata tumbo likasahau kazi yake. "Limekuwa punda," bibi alisema, "haliendi mpaka lipigwe." Dawa kwake ilikuwa kipimo. Ukizidisha, unalisha watu sumu kwa mkono wako mwenyewe.

Nayaeleza haya ili msije mkasema hakujua alichokuwa akikifanya siku ya posa yangu. Alijua vizuri sana.

Aliyeniposa alikuwa fundi cherehani, Mhehe wa Iringa, Mwislamu, aliyeweka mashine yake kwenye baraza ya duka la baba. Miaka miwili nilimsikiliza akikanyaga ile mashine huku nimekaa nyuma ya pazia nikijifanya nachambua mchele. Nilimtaka. Sioni haya kusema sasa, na hata wakati ule haya zilikuwa za kuonyesha watu tu. Lakini kulikuwa na mwingine, mfanyabiashara wa nguo kutoka Tukuyu, mtu wa pwani mwenzetu, mwenye wake wawili na meno machache, na baba alimpenda kwa sababu alijua babu yake alizikwa wapi. Baba akatoa neno lake. Wazee wa fundi waje, atawasikiliza mara moja. Akiona adabu, atawajibu siku hiyohiyo. Wakikosa adabu, Ijumaa jibu litakwenda Tukuyu.

Wakaja watatu, baba yake mkubwa na wajomba wawili. Walifika kwa basi jioni, wakalala kwenye chumba cha fundi, mtaa wa pili tu kutoka kwetu, na saa mbili asubuhi walikuwa mlangoni na makoti yao mazito. "Kamwene," alisema baba mkubwa kwa Kihehe, kisha akatoa salamu ya Kiislamu, akakaa kwenye mkeka taratibu sana, akikunja uso. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia langu la kawaida.

Bibi alimtazama mara moja tu. "Safari imekuchosha, mwanangu."

Mjomba mdogo ndiye aliyejibu. "Mzee tumbo yake imekaza, mama. Tangu Mafinga. Mayai na mihogo ya njiani."

Bahati mbaya, ilikuwa wiki ya mwisho ya Shaabani, na birika kubwa la nyumba nzima lilikuwa tayari jikoni, limejaa. Bibi akalileta kwa furaha. Alikuwa hampendi fundi wangu sana, lakini mgonjwa alimpenda hata angekuwa nani. Akaonja yeye kwanza, akammiminia mzee finjani moja, akasema, "Ni dawa ya kumpumzisha msafiri." Hapo ndipo ustaarabu wetu wa pwani ulipoanza kutuponza. Mbele ya wakwe, bibi asingetaja haja kwa jina lake, heri afe.

Mzee akanywa. Wajomba wakatazamana, nao wakanyoosha mikono. Kwao mkubwa haachwi anywe peke yake kwa watu, iwe pombe, iwe uji, iwe dawa. Wakapewa. Baba naye, kwa kuwa mwenyeji hakai akitazama wageni wakinywa, akachukua yake.

Sasa sikilizeni. Kwetu, mtu akitosheka hufunika finjani kwa kiganja. Finjani ikiwa wazi na tupu, mwenye nyumba humimina tena. Asipomimina, jioni mtaa mzima unajua kwamba ni mchoyo. Kwao Iringa, mgeni hasazi. Akisaza amekidharau chakula, na kufunika chombo kwa mkono ni kumwambia mwenyeji kwamba unamwogopa. Basi mzee alimaliza yake kwa heshima. Bibi akamimina kwa heshima. Mzee akamaliza. Bibi akamimina. Nilimwona bibi kwenye upenyo wa pazia, jicho linamwita baba asaidie, na baba anatabasamu kwa wageni kwa sababu hakuwa akihesabu. Mimi nilihesabu. Mzee tano, wajomba nne nne. Bibi alikuwa radhi kuua mgeni kuliko kuitwa mchoyo, na kilichowaokoa ni birika kukauka.

Aliingia jikoni, nami nikamfuata, akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi. "Ondoa uso huo," aliniambia. "Labda watu wa milimani matumbo yao ni mengine."

Hayakuwa mengine. Ila sanamaki, kama nilivyosema, haina haraka. Mazungumzo yalikwenda vizuri ajabu. Mzee alisema kwa methali, baba akajibu kwa methali, wakaswali adhuhuri pamoja, wakala pilau. Saa tisa kasoro baba akakohoa, akajikalisha sawa, akaanza, "Ndugu zangu, nimewasikia, na jibu langu..."

Nikaona jasho. Finjani yake ilikuwa moja tu, lakini alikuwa mtu wa tumbo jepesi. Akasema, "Samahanini kidogo," akatoka kwa mlango wa nyuma, mwanzoni kwa hatua za mtu mzima, kisha bila hatua hizo.

Waliobaki kwenye mkeka walitazamana. Mzee akashika tumbo, akanyanyuka, akaketi, akanyanyuka tena. Choo kilikuwa hatua ishirini, na ndani yake alikuwa baba. Hata kingekuwa wazi, mume wangu aliniambia baadaye, wasingekwenda. Wazee wale wangepasuka kuliko kuonekana wakiingia choo cha wakwe. Wakatoka kwa mlango wa mbele, wote watatu, wamejiinamia, bila kuaga na bila viatu.

Baba aliporudi akaukuta mkeka mtupu. "Wameondoka?" Akaangalia huku na huku. "Nimegeuka kidogo tu, wameondoka? Katikati ya neno langu?" Halafu akasema nililokuwa naliogopa, kwamba watu wasioaga ni watu waliokataa, na Tukuyu wajulishwe. Nililia kwa sauti, bila adabu yoyote. Baba alitaka kunikaripia lakini hakupata wasaa. Tumbo lilimrudisha alikotoka.

Bibi akasimama. Akachuma majani ya mpera kwa jirani, yale ya kufunga tumbo, akayachemsha na chai ya rangi na chumvi kidogo, akanitwika birika. "Jifunike vizuri," alisema. "Mchumba haonekani, lakini mtumishi wangu anaonekana."

Uani kwa fundi tuliwakuta wajomba wawili wamekaa juu ya mawe, kijivu usoni, wakingoja zamu. Choo kilikuwa cha nyasi, na ndani tulimsikia mzee akimwita Mungu kwa Kihehe. Fundi wangu alisimama pembeni na ndoo ya maji. Aliponiona alitaka kutokomea ardhini.

Bibi akaenda mpaka kwenye ukuta wa nyasi. "Mkwe wangu," alisema, "kosa ni langu. Nilikupa dawa ya kuendesha tumbo, na sikukwambia."

Sauti dhaifu ikatoka ndani: "Mama, rudi nyumbani. Hii ni aibu kubwa. Tumekimbia kwenu kama wezi. Mwanao hawezi tena kutuoza binti yake."

"Mwanangu yuko chooni," bibi alisema. "Sasa hivi. Amechuchumaa kama wewe."

Mara nyasi zikaanza kutikisika. Mzee alikuwa anacheka, na kila akicheka anaumia, na kila akiumia anacheka. Wajomba wakadakia kwenye mawe yao. "Basi, mama," alisema, "kama wote tuko chooni, tumeshakuwa ndugu. Mwambie mwanao."

Bibi aliwanywesha majani ya mpera, watu wazima wote watatu, kwa kijiko, akiwaambia waziwazi kila kijiko ni cha nini. Tuliporudi alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba na kugonga mlango wa choo chetu. Akampa baba habari yote.

"Wamecheka?" aliuliza toka ndani.

"Wamecheka."

"Wape mtoto."

Ndivyo nilivyoolewa. Mwaka uleule nilipelekwa Iringa kuonyeshwa kwa ukoo. Wamejaa uani, watu nisiowajua, lugha nisiyoijua, na mimi na kanga yangu na Kiswahili changu cha pwani, nimeogopa mpaka tumbo linauma bila dawa. Nilipika chai, nikaanza kummiminia yule baba mkubwa. Akaitazama ndani. Akanitazama mimi. Nikaonja, akacheka, akanywa yote mpaka chini, kama kwao. Nami kwa mazoea ya kwetu nikainua birika nimwongeze.

Akafunika kikombe kwa kiganja. Wazee wenzake wakaguna, mmoja akauliza kwa Kihehe iweje anamkatalia bibi harusi. Hakuondoa mkono. "Simkatalii," alisema kwa Kiswahili, ili nisikie. "Huyu ni mtoto wetu. Kwao wanafanya hivi."