Wimbo wa Kuingiza Maharusi

Bibi yangu wa Kang'ata, aliyenilea, ana swali moja tu kwangu. Nikimwamkia shikamoo anaitika, "Marahaba, mume wangu. Kazi umepata?" Namjibu kwamba natunga nyimbo na kuzipangia vyombo, kwamba nina studio yangu Kwamndolwa. Anatikisa kichwa kwa huruma, halafu ananifungia mahindi, nisije nikafa njaa mjini.

Studio yenyewe ni chumba kimoja kilichobandikwa magodoro ukutani, chenye kompyuta na kinanda. Humo wamepita wanakwaya, watoto wa kaswida na vijana wa singeli, wote wakidai wasikike kama watu wa Dar. Ila jina nililipata kwa wimbo mmoja wa kuingiza maharusi. Mahadhi yake niliyatoa kwa bibi, aliyekuwa akiyaimba akitwanga. Maneno nilishayasahau, kwa hiyo nikatunga yangu ya ndoa na heri, nikaongeza gitaa. Kuanzia Mkumbara hadi Handeni mjini, harusi gani haikuupiga? Nilivimba kichwa, sikatai. Bibi tu ndiye hakuwa ameusikia, maana redio yake huwashwa kwa matangazo ya vifo.

Mwaka jana binamu yangu akaolewa Kang'ata. Nikasema leo ndiyo leo: bibi aone watu wanavyosimama, akubali mbele ya ukoo mzima kwamba mjukuu wake ana kazi. Nikamkalisha mbele, karibu na spika.

Bi harusi akaanza kuingia, wimbo ukalia. Nikamtazama bibi. Alikuwa amejiziba mdomo kwa khanga, mabega yakitikisika. Nikajua analia, na mimi machozi yakanilenga. Kumbe anacheka. Vikongwe wenzake nao wakaangua kicheko, kisha wakaimba maneno ya zamani juu ya yangu: chukua chungu chako urudi kwenu, nyumba hii ina mwenyewe. Bi harusi akasimama katikati ya turubai, hajui asonge au arudi.

Wakati wa pilau bibi akanieleza, bila haya, kwamba wimbo ule wa kutwangia aliutunga yeye, kumsimanga mke mwenzake, na msimu haukuisha yule mama akafunga virago. Niliona aibu hadi pilau ikanishinda.

"Na huko mjini wameandika katunga nani?" akauliza.

"Mimi, bibi."

Akafuta mikono taratibu, akanitazama.

"Basi na mke mwenzangu ulimfukuza wewe?"