Ziwa lilipopiga hodi kwa Ma Paskazia

Atukuzwe Mungu, wakuu, aliyetuamsha leo tukiwa na pumzi na macho ya kusoma.

Mimi ni mzee wa Muleba, katekista mstaafu. Humu naona vijana wanabishana kama hii climate change ni kweli au ni maneno ya wazungu. Sina digrii ya mambo hayo. Nina jambo moja nililoliona mwenyewe, na nitalisema bila kuongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ile migumu. Vita ya mpakani ilikuwa imepita, tukadhani tutapumua, ugonjwa wa Ukimwi ukaingia. Kazi yangu kubwa ikawa kuongoza maziko.

Kijijini kwetu kando ya ziwa alikuwepo mjane, Ma Paskazia. Alimzika mume, akawazika na watoto wake wote. Akabaki na wajukuu.

Kwa wasiotujua: sisi Wahaya tunazika ndani ya kibanja, humo humo kwenye migomba na kahawa, hatua chache kutoka mlangoni. Ndiyo maana kibanja hakiachwi hivi hivi.

Basi, mvua zikaja zikakataa kuondoka. Ziwa likaanza kupanda. Likameza matete, likameza mwalo, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, mwisho migomba ya chini ya Ma Paskazia ikawa imesimama majini, majani ya njano.

Wavuvi walihamisha vibanda vyao, wakahamisha tena. Mmoja wao, Mabula, mtu wa kuja kutoka Usukuma, alimtania: "Mama, nyumba zetu sisi zina miguu. Ya kwako imeota mizizi?"

"Ya kwangu ina watu chini," akajibu. "Wewe Mabula ukifa tutakupeleka wapi, kwa sangara?"

Tulicheka wote, na Mabula akacheka kuliko sisi. Lakini mama hakuhama.

Shemeji yake, Ta Leopoldi, mkubwa wa ukoo, ndiye aliyekuwa mgumu zaidi. "Ziwa hupanda na kushuka," alisema. "Baba zetu waliliona. Tungoje."

Nilimwambia kwa heshima ya Kihaya, "Ta Leopoldi waitu, kungoja kungekuwa sawa kama tungekuwa tunahamisha mikeka. Huku tunahamisha chakula."

Hapa wakuu mnielewe. Juu kwetu kuna rweya, nyika ya majani isiyo na rutuba. Kuigeuza iwe kibanja kunataka samadi, kunataka nyasi za kutandaza, na kunataka miaka. Ukisubiri maji yafike mlangoni ndipo uchimbe shimo la kwanza, watoto watalala njaa wakiitazama hiyo migomba yako michanga.

Alinielewa, ila hakutaka.

Ikafika siku ya Marehemu Wote. Tulishuka kusafisha makaburi. Ma Paskazia alipiga goti kung'oa majani kwenye kaburi la kitinda mimba wake, lililokuwa chini kuliko yote. Goti likazama. Alipolinyanyua, maji yakajaa pale goti lilipokuwa.

Hakulia. Aliyaangalia, halafu akamgeukia shemeji yake.

"Ta Leopoldi, nipe kipande cha rweya."

"Na hawa unawaacha?"

"Hawa wako kwa Mungu, ziwa haliwafikii. Hawa wadogo ndio wanaokula. Likishuka, tutakuwa na vibanja viwili. Lisiposhuka, je?"

Mzee yule akachomoa panga lake na kuanza kung'oa chipukizi la mgomba kando ya kaburi la kaka yake. Akasema, "Basi tuanze na hili. Huko juu nako wawepo."

Kila kaburi likatoa chipukizi lake na kikapu cha udongo. Tulipanda tukiimba. Mabula na wenzake walibeba samadi, na mama hakuacha kuwachokoza: "Leo nyumba yangu imeota miguu, mmefurahi?"

Maji yaliendelea kuja taratibu. Yalipoingia katika nyumba ya zamani, mikungu ya kwanza kule juu ilikuwa imeshaliwa. Tulisimama kilimani tukiangalia ukuta ukilainika na kuanguka. Mimi machozi yalinilenga.

Ma Paskazia alinipiga begani. "Katekista, usilie. Limepiga hodi, limekuta nimehama."

Miaka ilipita, ziwa likashuka, na uzeeni kwangu nimeliona likipanda tena. Wajukuu wake wana watoto sasa, wanakula ndizi za rweya ile. Kila Novemba tunasali pale juu kwenye migomba iliyotoka makaburini, na namshukuru Mungu.

Nasikia Pwani na visiwani bahari nayo inakula minazi na makaburi. Ndugu zangu, nilichojifunza ni hiki: kazi inayohitaji miaka ianzeni wakati miguu bado mikavu. Pandeni sasa, hameni sasa, waambieni viongozi sasa. Tukikuta tulikosea, tutakuwa na vibanja viwili.

Je, kwenu maji yamefika wapi? Andikeni hapa chini, nitasoma polepole, macho yamechoka.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe nyumba mahali pakavu, watoto walioshiba, na moyo usiosubiri hodi. Amina.