Waranti ya Baba Mdogo

Kaka yangu aliitwa aje aseme alichokisikia, akasema kitu ambacho hakukisikia. Naanza na hilo kwa sababu kila nikisimulia hii habari watu wananikatisha. Wanataka kujua gari ilikuwa ya mwaka gani, injini ilikufaje, kwa nini sikuuza vipuri. Ya gari nitasema. Ila mjue mapema nina hasira na nani.

Gari yenyewe ilikuwa spoti nyeupe ya milango miwili, imelala chini kama paka anayevizia. Niliinunua kwenye yadi moja pale Mukendo, Musoma, kwa mzee ambaye nyumbani tunamwitaga baba mdogo. Hatuna naye undugu wa tumbo. Alikua na baba yetu kule Kiriba, na baba alipofariki, yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti chake siku wakwe zangu walipoleta mahari. Alipokea ng'ombe wangu kwa mkono wake. Na ng'ombe hao, kama ilivyo kwetu, hawakukaa sana zizini. Walitoka kwenda kumuolea kaka yangu mke. Kwa hiyo kati ya watu wawili nitakaowataja hapa, mmoja alinipokelea ng'ombe na mwingine ameoa kwa ng'ombe hao hao. Kwetu mtu wa namna hiyo humchunguzi.

Wazo la gari lilikuwa la baba mdogo. Mume wangu yuko mgodini, anarudi akipewa likizo. Mimi nilikuwaga napamba kumbi za harusi, na tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Nikaenda yadini kumsalimia, akanitazama ninavyopanda ngazi, akasema, "Mwanangu, kazi ya kupanda juu ya meza na hilo tumbo iache. Chukua hii uwe unawakodishia maharusi. Musoma nzima haipo."

Kweli haikuwepo. Bibi harusi anakaa mbele, bwana harusi anajikunja kiti cha nyuma magoti yakigusa kidevu, lakini picha zikitoka hakuna anayelalamika. Baba mdogo akaniandikia karatasi ya waranti ya injini, mwaka mzima. Matengenezo yote yafanyike kwenye gereji yake ya Bunda. Injini isifunguliwe na fundi mwingine. Na hitilafu isitokane na uzembe wa mmiliki. Nilisoma mpaka mwisho, nina kidato cha nne, kusoma najua. Kitu sikuuliza ni huo uzembe anaupima nani.

Kaka akawa dereva. Ana leseni, alikuwa anakaa tu Bukima akisubiri mtu ampe chombo, na mimi nikampa.

Harusi ya tatu gari ikachemsha. Msafara wa harusi mnaujua unavyotembea. Matarumbeta wako mbele kwenye pikapu, wapiga picha wanarudi kinyumenyume, gari ya maharusi inafuata kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, na kila penye watu inabidi kusimama watu waone. Gari iliyotengenezwa kukimbia inatembezwa kama ng'ombe wa maonyesho. Tukaipeleka Bunda mimi na kaka. Wakabadilisha feni, wakagonga muhuri kwenye karatasi yangu. Ikachemsha tena. Tukarudi, wakabadilisha rejeta, wakagonga muhuri wa pili. Sikulipia kitu, na nikamsifia baba mdogo kanisani mbele za watu.

Mara hiyo ya pili fundi mkuu wa Bunda, mtu asiyependa maneno, alituita mbele ya gari. Akaweka kiganja pale kwenye matundu ya mbele.

"Hii inapumulia hapa. Mkipamba, pambeni boneti, pambeni milango. Hapa msizibe."

"Hata kitambaa?" kaka akauliza. Alikuwa amenishikia mkoba.

"Hata lesi ya bibi harusi."

Tukacheka wote watatu. Tangu siku hiyo, hiyo ikawa sheria. Mpambaji akija na maua yake makubwa ya kufunga mbele, kaka mwenyewe alikuwa anayatoa kabla sijasema. Miezi mitatu gari haikuchemsha hata mara moja.

Kisha baba mdogo akaoza binti yake. Ndoa kanisani Musoma, sherehe Butiama kwa upande wa bwana harusi. Akaja nyumbani kuomba gari, nikamwambia haombi, gari ni yake. Mimi nilikuwa nimejifungua, mtoto ana wiki tatu, sikuweza kwenda. Kaka akaendesha.

Barabarani walikwenda vizuri. Walipokaribia Butiama baba mdogo akasimamisha msafara, akawaambia wapambaji wake wavalishe gari. Wakafunga kitambaa cha satini mbele, taa mpaka taa, na ua la ukubwa wa sinia katikati. Kaka aliwakumbusha habari ya fundi. Akaambiwa leo harusi si yake.

Nilikuwa nanyonyesha simu ilipoita.

"Mdogo wangu, mshale umepanda."

"Mmeziba mbele?"

"Wameweka satini."

"Itoe. Zima gari, washuke, ipoe."

"Baba mdogo hataki tusimame."

"Mwambie mwenye gari kasema zima. Umenisikia, kaka? Zima."

"Nimesikia," akasema. Nyuma yake matarumbeta yalikuwa yanalia. Simu ikakatika.

Yaliyofuata nilisimuliwa na kaka mwenyewe, jioni ile ile, analia. Alimwambia baba mdogo niliyosema. Baba mdogo aliinama dirishani na suti yake akamwambia twende tu, ukumbi ule pale, mambo ya gari tutayamaliza wenyewe nyumbani. Kaka akaenda. Hawakufika ukumbini. Mvuke ulipandisha ile satini juu kama pazia, halafu mtu mmoja mwenye huruma zake akafungua boneti akamwaga ndoo ya maji ya baridi kwenye injini ya moto. Ikalia mlio mmoja, basi. Bibi harusi na bwana harusi wakamalizia kwa miguu. Wageni wakadhani ni mtindo mpya, wakapiga vigelegele.

Gari ikavutwa mpaka Bunda. Fundi mkuu akafungua, akanipigia. Sirinda hedi imepasuka, oili imechanganyika na maji imekuwa kama chai ya maziwa, injini inataka kubadilishwa. Mnaweza msiamini, lakini sikuogopa. Karatasi ninayo, mihuri ninayo, na mwenye waranti ndiye aliyekuwa dirishani. Baba mdogo mwenyewe alinipigia akasema, "Hilo ni letu, mwanangu. Wewe nyonyesha mtoto." Nikanyonyesha mtoto. Wiki zikapita, watu wa harusi wakanipigia, nikawaambia gari iko matengenezo, ni yetu hiyo, tunamalizia.

Siku niliyoitwa yadini nilikwenda na mtoto mgongoni, nimevaa vizuri, nikijua naenda kupangiwa siku ya kuchukua gari. Baba mdogo alikuwa na karatasi mezani. Akaniambia amekaa na watu wake wa gereji, wameonelea kwamba injini imekufa kwa uzembe wa mmiliki, dereva wake aliendesha gari imechemsha, na hilo kwenye waranti halimo. Alisema taratibu, kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

Nikamwambia baba mdogo, mimi nilisema zima. Wewe ndiye uliyesema twende. Akasema hakumbuki kuambiwa kitu. Shughuli ilikuwa kubwa, watu wengi. Kisha akasema, "Lakini aliyekuwa anaendesha yupo. Tumuite."

Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, nilifurahi kusikia kaka yupo.

Akaingia akifuta mikono kwenye suruali. Amevaa fulana ya yadi. Niliiona, nikafikiri labda kapewa ya msaada.

"Siku ile ulimpigia mdogo wako?" baba mdogo akamuuliza.

"Nilimpigia."

"Akasemaje?"

Kaka akaangalia nje kwenye magari.

"Alisema twende tu. Tusiwaaibishe watu."

Mtoto alikuwa ananyonya kidole mgongoni, nikawa nasikia ule mlio wa kunyonya tu. Nikamwambia kaka nitazame. Hakunitazama. Nikamuuliza, "Mimi nilisema hivyo?"

"Ndivyo ulivyosema, mdogo wangu."

Ningemuita nani? Simu inaonyesha tumeongea, haionyeshi tumesema nini. Bwana harusi na bibi harusi walikuwa ndani ya gari, walisikia. Lakini nani ataenda kumtoa binti kwa mumewe aje amshitaki baba yake kwa ajili ya gari yangu? Baba mdogo akanisogezea karatasi na peni. Nisaini kwamba nimekubali sababu, halafu nichukue gari yangu kama ilivyo.

Nikamwambia, "Wewe ulikaa kwenye kiti cha baba."

"Ndiyo maana nakwambia saini," akasema. "Yaishe kifamilia."

Sikusaini. Nilitoka nikatembea mpaka nyumbani kwa miguu, na njiani nikasahau hata kumfunika mtoto jua.

Wiki hiyo hiyo nikasikia kaka ameajiriwa yadini. Anatumwa Dar es Salaam kushusha magari bandarini na kuyaleta Musoma. Ni kazi aliyoitamani tangu tuko wadogo, barabara ndefu, gari mpya kila safari. Wifi yangu ndiye aliyeniambia, na aliniambia kwa furaha. Hakuwa anajua chochote. Sikumwambia. Yeye amekuja kwetu kwa ng'ombe wangu, sikutaka nimvunjie nyumba aliyoletewa.

Kaka aliporudi safari ya kwanza alikuja kwangu na mfuko wa pampasi. Mama alikuwepo, ndiye aliyemwambia aje. Mama akajifanya ana kazi jikoni. Kaka akakaa ukingoni mwa kochi, akaniuliza mtoto ameshaanza kugeuka. Nikamwambia ameshageuka, na wewe pia.

Akaweka mfuko chini. Kisha akasema, "Mdogo wangu, mimi nilisema kwa mdomo tu. Maneno yanapita. Sijaandika kitu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ukitaka kupambana nenda mbele, dai haki yako. Mimi sitakuzuia. Ila usiniite mimi. Nikimpinga yule mzee kazi imekwisha."

"Mkeo ameolewa kwa ng'ombe zangu," nikamwambia. "Nikikuita, unakuja."

Akasema ng'ombe ni mambo ya zamani, na kwamba mimi nina mume mgodini, sitalala njaa. Yeye amekaa Bukima miaka yote hiyo akipigwa jua. Alisema hivyo huku anainua mtoto, na mtoto, kwa sababu hajui, akamcheka. Nilimchukua mtoto wangu mikononi mwake. Pampasi nilizipokea. Mama aliporudi kutoka jikoni alinikuta nazipanga kabatini, akadhani tumepatana, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Maneno ya kaka yalinikaa lakini. Hajaandika kitu. Nikaona hapo pana mlango. Kama ni maneno tu, basi ni neno langu na neno lake, na karatasi yangu ina mihuri miwili ya gereji yao wenyewe. Nikapanda basi na mtoto mpaka Bunda, kumuomba fundi mkuu anionyeshe faili la gari na aandike alichotuambia siku ile alipoweka kiganja kwenye matundu.

Gari wameitoa nje, boneti wazi, injini imefunikwa na kipande cha turubai. Vumbi la pamba kutoka kwenye malori limeganda kwenye vioo. Fundi mkuu alinipa kiti nikae nimnyonyeshe mtoto, akaniletea faili bila kubisha. Alikuwa mtu wa aibu siku hiyo, hakunitazama sana. Alisema ukweli wake yeye anaujua, lakini kwenye faili haongezi neno, mkubwa wake ameshalifunga.

Nikalifungua. Ripoti iko juu kabisa. Sababu: uzembe wa mmiliki, alipigiwa simu akaamuru dereva aendelee. Chini yake jina la kaka yangu na saini yake, ule mwandiko wa kulalia kushoto ninaoujua kwa sababu ndio aliotumia kunifundishia kuandika. Tarehe ilikuwa ya siku tano baada ya harusi. Kabla ya fulana, kabla ya kikao, kabla hajaja kwangu na pampasi kuniambia hajaandika kitu. Siku hizo tano mimi nilikuwa namwombea asijilaumu sana.

Nilimuuliza fundi mkuu nikitaka gari yangu leo nifanye nini. Akasema nisaini hapo chini, pa mmiliki.

Nikasaini. Peni ilikuwa inakwama, nikairudia mara mbili.