Nilivyomzika Bi Mwanaidi kwa Picha Moja

Jamani, hili jambo nimelionea aibu muda mrefu, na hata leo nikipita Tandika wapo wanaoniita mtangaza misiba, basi naona bora nilisimulie mwenyewe kuliko muendelee kulisikia kwa watu wanaopenda kutia chumvi. Kosa ni langu, sibishi. Lilianza na picha moja tu, na picha yenyewe (acha niseme ukweli) ilikuwa nzuri.

Mie nafanya kazi kwa Bi Mwanaidi, mwanamke anayetengeneza achari ya embe uani kwake, hapo hapo Tandika. Sura yake ndiyo lebo: ukinunua chupa unamkuta kajitanda mtandio, anakuangalia kama vile umechelewa kurudi nyumbani. Kazi yangu ilikuwa kumenya na kukata embe, mpaka nilipomsumbua wee anikabidhi ukurasa wetu wa mtandaoni, maana siku hizi mtu hanunui hata kitunguu bila kuangalia kwanza wangapi wamekipenda. Akakubali kwa shingo upande. Akaniambia, "Asha, nakupa mwezi mmoja. Ukurasa usipoleta watu, unarudi kwenye kisu." Na mie kisu nilikuwa nimekichoka, nyie hamjui utomvu wa embe mbichi unavyofanya vidole.

Mwezi ukaenda, watu hawaji. Zikabaki siku tatu. Kwa bahati (wakati ule niliiita bahati) tulikuwa tunabadilisha lebo, picha ya zamani inaondoka inakuja mpya, nami nilikuwa nimetoka kwenye semina ya siku moja kule Mwenge, ambako kaka mmoja mwenye miwani alitufundisha kwamba biashara kubwa hazipayuki: weka picha moja tulivu, maneno machache, rangi ondoa, halafu usijibu komenti hata moja kwa saa kadhaa, waache watu waulizane. Nikaandika yote kwenye daftari. Pale penye "rangi ondoa" nikapigia mstari.

Basi Jumamosi asubuhi Bi Mwanaidi akaenda Pugu kwa shangazi yake kufuata embe, mie nikabaki uani peke yangu, nikaichukua ile picha ya lebo ya zamani, nikaifanya nyeusi na nyeupe, nikaizungushia ukingo mweusi ili itulie, chini yake nikaweka mwaka tulioanza kuitumia lebo ile, kistari, na mwaka huu, halafu nikaandika, "Asante kwa yote, Bi Mwanaidi." Nikaitazama nikaona kazi ya kitaalamu kabisa. Sasa mtu yeyote wa mji huu, hata mtoto wa darasa la pili, anajua picha ya mtu mzima isiyo na rangi, yenye ukingo mweusi na miaka miwili chini yake, ina maana gani, na hesabu ya miaka yenyewe hapigi. Lakini mie kichwani mwangu mlikuwa na lebo tu. Nikaposti.

Simu nikaitia kwenye mkoba nikaanza kusaga pilipili (na mikono ikishaingia pilipili simu huishiki, uso huushiki, unakaa tu na mawazo yako). Haikupita robo saa, mkoba ukaanza kutetemeka. Ukatetemeka, ukatetemeka, mpaka ukaanguka kutoka kwenye kigoda. Nikajisemea moyoni, Asha, leo umetoboa. Nikawa nasaga huku naimba.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mzee Kombo, jirani anayetunza turubai na viti vya shughuli za mtaa. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku kainamisha kichwa, akaenda kufunga kamba kwenye ukuta wetu. Nikadhani Bi Mwanaidi ana shughuli na hakuniambia, nikamsogezea hata sufuria ili asimike nguzo vizuri. Nyuma yake wakaja wanawake, kanga vichwani, mikeka kwapani, na wa mbele akanikumbatia akalia begani kwangu, akasema pole mwanangu, Bi Mwanaidi katutoka.

Hapa ndipo watu huniuliza kwa nini sikusema. Sikusema kwa sababu niliamini. Picha yangu haikunijia akilini kabisa. Kilichonijia ni Pugu, bodaboda, barabara ile, na simu yake ya kitochi anayoizimaga ili isimalize chaji. Na kwetu msibani hakuna anayeuliza mna hakika: unaingia, unakaa, unalia, maelezo utayapata mbele ya safari. Basi nikalia huku naitaja Pugu. Nililia kuliko wote, nikajipangusa machozi kwa mikono ile ile ya pilipili, na hapo kilio kikawa mara mbili, nikagaagaa mkekani naona giza, wanawake wamenishika, wanasema masikini, alimpenda kama mama yake mzazi. Hata waliokuja na shaka kidogo, walipomwona mfanyakazi wa nyumba ile yuko katika hali ile, shaka ikawatoka.

Ilipofika saa sita uani hapakuwa na pa kuweka mguu. Mchele unachaguliwa, wanaume wanaulizana maiti itatoka Pugu saa ngapi ili wakachimbe kaburi, azikwe alasiri. Kisha akaingia Bi Tatu kutoka Ubungo, na watu wakatazamana. Bi Tatu ni mdogo wake Bi Mwanaidi, tumbo moja, na walikuwa hawasemezani mwaka wa sita huo, tangu Bi Tatu aanzishe achari yake kwa mapishi yale yale ya marehemu mama yao, wakarushiana maneno mtandaoni mbele ya wateja, mwisho wakasusiana hata Idi. Alikuja miguu mitupu. Akakaa karibu yangu, hakulia. Akaniuliza taratibu, "Alikuwa anaumwa?"

Nikamwambia mie sijui, mie nimesikia kwa watu. Akanishangaa. Akatoa simu akaiweka mbele ya macho yangu yaliyovimba.

"Si nyie mmetangaza?"

Nikaiona. Ukingo mweusi, kistari, rangi imeondolewa vizuri kabisa. Naapa, kitu cha kwanza nilichokihisi ni furaha: kumbe hajafa. Cha pili kikaja mbio nyuma yake: kumbe niliyemuua ni mie. Nikajua lazima niseme, na niseme sasa hivi, kabla hawajaenda makaburini. Nikasimama. Uani kote wakanigeukia, wazee kwa vijana, nikasema, "Jamani, chai ipo." Nikakaa.

(Cheka, cheka. Wewe ungesemaje?)

Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia niliposikia bajaji inasimama nje. Bi Mwanaidi akashuka na gunia la embe, akaona turubai nyumbani kwake, akaona viti, akaona kanga za msiba, na gunia akaliachia hapo hapo barabarani embe zikabingirika mpaka mtaroni. Akaja mbio. Wanawake wa mlangoni walipomwona, mmoja alitoa shahada, wawili walijifungia chooni, na Mzee Kombo alibaki kashika kamba mdomo wazi. Yeye hakuona yeyote. Alikuwa ananitafuta mie, kwa sababu mie ndiye niliyeachwa na nyumba. Akanishika mabega.

"Asha, nani kafariki?"

"Ni wewe, mama."

Hapo ndipo ulimi ulipofunguka. Nikasema yote kwa pumzi moja, semina, lebo, rangi, kistari, pilipili, huku nimepiga magoti. Bi Tatu alikuwa amesimama, akamsogelea dada yake, akamgusa shavu kama mtu anayepima homa ya mtoto, na kilio chote ambacho hakukilia tangu aingie kikamtoka. Na mie nikalia tena, ila safari hii kwa shukrani, maana mikono iliyokuwa mabegani mwangu ilikuwa ya moto.

Nilipopata nguvu nikachukua simu ili niifute ile posti. Bi Mwanaidi akanizuia.

"Usifute. Nisomee kwanza wanasemaje."

Basi akakaa kwenye mkeka wa msiba wake mwenyewe, watu wamemzunguka, mie nasoma. Kuna mteja wa Mbagala aliyeandika kwamba mimba nzima alikula achari yake tu na mtoto yu mzima. Kuna aliyeandika kwamba marehemu alikuwa na mdomo lakini moyo wake safi (hapo akaniuliza huyo anaitwa nani). Watu wakaanza kucheka, wale wa chooni wakatoka. Nikashuka chini zaidi nikakuta moja fupi, nikaisoma kabla sijaangalia jina: "Dada, nisamehe. Nilikuwa nasubiri uanze wewe."

Bi Tatu anautazama mkeka.

"Hiyo rudia," akasema Bi Mwanaidi.

Nikarudia. Akasema tena, rudia. Mara ya tatu sauti ikanikatika, akaimalizia Bi Tatu mwenyewe kwa mdomo wake. Bi Mwanaidi akamshika mkono, akamwambia hata yeye alikuwa anasubiri.

Wali ulikuwa umeshaiva na turubai limeshafungwa, mtu angevipeleka wapi? Tukala. Tukafungua achari ya ghala zima, wanaume waliojiandaa kwenda kuchimba kaburi wakaenda kuokota embe mtaroni. Mie nilikula mwisho, pembeni, nasubiri kufukuzwa. Jioni Bi Mwanaidi akaniita. Nikajitutumua nikamkumbusha kwamba mwezi wangu ulikuwa na siku tatu bado. Akautazama ule ua uliojaa, watu mpaka kibarazani.

"Watu umewaleta," akasema, "hilo siwezi kukataa."

Kazi sikufukuzwa, alhamdulillahi. Hukumu ilikuwa hivi: asubuhi kisu, jioni ukurasa, na picha yake yoyote iwe na rangi zote na meno yaonekane. Na kabla sijaposti nimwonyeshe Bi Tatu, ambaye sasa kila Jumamosi yupo pale uani anakata embe na kumkosoa dada yake kipimo cha chumvi. Ile posti mpaka leo ipo, Bi Mwanaidi kakataa isifutwe, niliongeza tu maneno aliyoyatamka mwenyewe: "Nipo. Lebo mpya Jumatatu."

Na mie nimeapa. Semina nitaendelea kwenda, sikatai elimu, lakini lile daftari nimelipeleka jikoni wakawashie moto, na rangi ya mtu aliye hai siiondoi tena hata anipigie magoti.