Nilipinga serikali kuzuia soda kubwa, mpaka nilipochungulia uvungu wa kitanda cha mama

Wakuu, kwema?

Nipo hapa Kibiti, nina duka la vinywaji jirani na stendi. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Wa zamani humu mnanikumbuka. Kila ukiletwa uzi wa serikali kuzuia soda za machupa makubwa, mimi ndiye nilikuwa nachafua hali ya hewa. "Mtu na koo lake, serikali inamhusu nini?" Nilibisha mpaka mods wakanipiga ban.

Sasa sikilizeni.

Bi mkubwa anaishi Mtawanya, ana sukari. Mwaka jana akapata kidonda mguuni, kikawa hakikauki. Daktari akatuambia wazi, sukari isiposhuka mguu unakatwa. Wakuu, nililia kama mtoto.

Dawa anameza, ugali tumempunguzia, sukari iko juu vilevile. Tukaanza kuhisi mkono wa mtu, si mnatujua watu wa huku.

Siku moja nafagia chumbani kwake, nachungulia uvunguni. Lahaula! Machupa matupu ya soda, yale makubwa, yamejaa tele.

"Mama, nini hiki?"

"Wageni wananijulia hali. Niwarudishie heshima yao?"

Huku kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, na chupa kubwa ndiyo heshima yenyewe. Hata sijamjibu, akaingia shangazi Mwanahawa, dada wa marehemu baba, kaikumbatia nyingine. Kaniona, kafurahi kweli.

"Nimeinunua dukani kwako, mwanangu. Nikasema nikuunge mkono!"

Kumbe mguu wa mama naukata mwenyewe.

Kesho yake nikayaondoa makubwa yote dukani, zikabaki chupa ndogo. Wateja wakanijia juu: "Siku hizi umekuwa serikali?" Nikasema ndiyo, na anayekwenda kwa mama abebe bamia au samaki.

Mama alininunia wiki nzima, eti namfukuzia wageni. Wapi! Walizidi kuja, bamia zikajaa mpaka tukawa tunagawia majirani.

Taratibu sukari ikashuka, kidonda kikaanza kukauka.

Juzi nipo dukani, bodaboda ikasimama. Akashuka mama, akaingia kwa miguu yake yote miwili, akaegemea kaunta.

"Kubwa ya baridi ipo?"

Nikamtolea macho. Akacheka mpaka mtandio ukamdondoka.

"Nipe maji, we serikali."

Tumeshinda wakuu!!! Alhamdulillahi.

Msimamo wangu nimebadili na sioni aibu. Makubwa yazuiwe. Yasingekuwepo madukani, shangazi angeleta ndogo na heshima ingebaki palepale. Nilichojifunza, koo ni la mtu mmoja lakini wanaolijaza ni ukoo mzima, na muuza duka akiwemo.

Mnaobisha uwanja ni wenu, njooni. Ila kabla hujaandika, nenda kachungulie uvunguni kwa mama yako.